Spoku ya Mama

Kwetu hapa Makorora,
kabla ya jua kung'ara,
mama yuko biashara,
vitumbua anapika.

Chuma chake cha mashimo,
mafuta yalia humo,
unga wenda kwa kipimo,
moshi mwembamba wafuka.

Kugeuzia ni nini?
Spoku ya baiskelini,
ilichomoka zamani,
kwetu kazi ikashika.

Mkiani kafungia
mpira wa tyubu pia,
uzi akazungushia,
kiganja kisije waka.

Nami nilipojaribu
kugeuza bila tyubu,
niliipata adhabu:
vidole vikababuka.

Moto uko kule chini,
mimi huku kileleni,
umepita njia gani
hata mkono kufika?

Shule yetu ni ya bati,
wanne kila dawati,
adhuhuri hatupati
kivuli kisichowaka.

Mwalimu, Bi Mwanamvua,
betri mbili kanunua,
nyaya tatu kachubua,
na taa kaipachika.

Akaacha pengo moja,
waya na waya zangoja,
kasema, "Leteni hoja
zishikwe, si kutamka."

Mhina, wa msumari,
alifungua safari;
hatujakaa tayari,
mara taa ikawaka!

Chanuo la Mwanakheri,
jekundu, lenye fahari,
likawekwa kwa kiburi:
taa hata kushituka.

Semboja kutoka Kange
ana singa za mkonge,
nyaya kati azifunge;
akangoja, akachoka.

Penseli ndiyo ajabu:
mbao yake ni hijabu,
moyo wake una jibu,
mweusi, ukapitika.

Si chuma, na wapitisha!
Mwalimu akakumbusha:
"Mng'aro hautotosha,
pima, ndipo kuandika."

"Kipitishi" na "kihami"
yakazunguka ulimi;
nikasema, "Hata mimi
vyote viwili nashika."

Nikatoa mkobani
spoku ile ya jikoni
(mama hajui, jamani,
vipi imemchopoka).

Chuma kikigusa, taa
darasani ikajaa;
kwenye tyubu, ikakaa
kimya kama cha mzuka.

Kumbe mama, bila shule,
alijua yote yale;
joto nalo vilevile
mpirani hukwamika.

Semboja, wa roho ngumu,
akaomba tena zamu,
singa katia kwa hamu
maji chumvi aloteka.

Singa zile, zikilowa,
zikageuka, si sawa:
mwanga mwembamba ukawa
kama wataka kutoka.

Mwalimu akainama,
sauti ikamzama:
"Mnaona kamba njema
maji yalivyoiteka?

Nanyi ni maji na chumvi,
kijana na mwenye mvi,
mwerevu hata mlevi,
umeme utawashika.

Ndugu yangu, pale Duga,
na mvua imeshamwaga,
waya chini kakanyaga
yu peku. Hakuinuka."

Darasa likanyamaza,
hapana wa kuuliza,
ila betri kwenye meza
na singa zikidondoka.

Nikarudi saa saba,
spoku ndani ya mkoba,
mama mlango kaziba,
kiuno amejishika.

"Nimegeuza kwa uma!
Umechoma, umechoma!
Wateja wamenisema,
na saba vimekauka."

Nikamweleza vihami,
betri, taa na usemi;
akanitazama mimi
kitambo, kisha kacheka.

"Hayo mimi sikusoma.
Chuma kiliponichoma
mara moja, nikakoma,
mpira nikausaka.

Sasa lete spoku yangu,
na umwambie mwenzangu
betri ni zake, si zangu;
saba, deni namwandika."

Jioni ikanya mvua,
nguo nikazianua;
kamba mkonge, najua,
vidole vikashituka.